Mbegu za kula Mombasa: ipi ununue kwanza

Ukitaka mbegu za kula hapa Mombasa, usianze kwa kuuliza ipi ina faida zaidi. Uliza gunia la mbegu gani huisha upesi. Mbegu hizi zina mafuta mengi, zingine karibu nusu ya uzito wake, na mafuta hayapatani na joto la hapa kwetu wala unyevu wake. Ufuta ulioletwa wiki hii utakufaa kuliko pakiti nzuri ya chia iliyokaa rafuni tangu mvua za mwaka. Nimezipanga kwa kipimo hicho, ndiyo maana zile zinazosifiwa sana mitandaoni ziko chini.

Namba moja ni ufuta, tena ule wa rangi ya udongo ambao haujaambuliwa. Gramu 100 za ufuta wenye ganda zina takriban miligramu 975 za kalsiamu. Mweupe ulioambuliwa hubaki na kama 60 tu. Usiihesabu yote, kwa sababu sehemu yake imeshikwa na asidi ya oksali iliyomo kwenye ganda na mwili hauifaidi. Hata hivyo bado kuna chuma, protini na mafuta mazuri, na bei yake haikufilisi. Lakini hasa nauweka juu kwa kuwa una wanunuzi: wapika kashata, wapika mkate wa ufuta, wapika halua. Ndio wanaoliamsha gunia kila siku.

Nanunua duka moja karibu na Marikiti.

"Ami, ufuta huu wa lini?"

"Wa juzi, mwanangu. Onja."

Naonja, lakini kwanza naingiza mkono hadi katikati ya gunia. Ndani kukiwa na joto kuliko juu, kuna unyevu, naaga kwa adabu. Kisha natia kidogo kiganjani, napuliza vumbi, natafuna polepole. Ufuta mpya una utamu wa mafuta. Uliochacha hukudanganya mwanzo, halafu uchungu wake hukukwaruza kooni. Ukisikia mchanga kwenye meno si kosa kubwa: nyumbani utie kwenye bakuli la maji, uvuruge, uuopoe kwa chujio. Mchanga utabaki chini. Uanike ukauke, kisha ukaange bila mafuta mpaka uanze kudata. Ukiutwanga kidogo ndio bora, maana punje nzima nyingi hupita tumboni kama zilivyoingia. Ila kuna watu wenye mzio, ambao miili yao haiuwezi kabisa. Marekani tangu 2023 ni lazima pakiti ya chakula iseme kama ndani mna ufuta.

Ya pili ni mbegu za maboga, na hapa nina ugomvi na jikoni zetu. Tunapika boga la nazi, mbegu tunazitupa, kisha tunakwenda Nyali kununua zizo hizo zimemenywa na kutiwa kwenye chupa. Kiini chake kina kama gramu 30 za protini katika kila gramu 100, na magnesiamu karibu miligramu 590, pamoja na zinki. Zioshe utelezi, zianike siku mbili, zikaange na chumvi. Ukinunua za dukani, chagua zilizo kijani. Zikigeuka manjano zenye madoa, ziache.

Karanga ni za tatu, ingawa kwa ubora wa chakula zingeweza kuwa za pili. Kinachozishusha ni aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao huko Ukambani. Kukaanga hakuimalizi, na pilipili ya muuzaji haiondoi kitu. Nunua mbichi zenye ngozi ili uzione, kisha uzichague kwenye ungo kama unavyochagua mchele. Iliyokunjamana, yenye doa jeusi au iliyovunda, tupa, usimpe hata kuku.

Chia si mbaya, imezidishiwa sifa tu. Ina nyuzinyuzi nyingi, karibu theluthi ya uzito wake, na hilo humsaidia mwenye choo kigumu. Lakini hunywa maji kama mara kumi ya uzito wake, kwa hivyo usiitie mdomoni kavu ukafuatisha maji. Inaweza kuvimba na kukwama kooni. Iloweke kwanza. Bei yake ni mara kadhaa ya ufuta, sijui tunamlipa nani.

Mbegu za kitani zina mafuta yaitwayo omega-3 kwa wingi, ila nunua nzima na usage mwenyewe, za siku chache tu. Niliwahi kununua za kusagwa kwenye duka moja kubwa, nikafungua nyumbani, zikanuka rangi ya kupaka mlango. Si ajabu: mafuta ya kitani ndiyo yanayopakwa mbao.

Alizeti ni nzuri kwa vitamini E. Basi.

Habasoda na uwatu sikuvipanga, kwa kuwa hivyo ni dawa zaidi kuliko chakula. Najua Hadithi ya Mtume kwamba habasoda ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa kifo, wala sibishani nayo. Ninachosema ni kwamba mtu wa sukari asiache vidonge vya daktari kwa ajili yake, na uwatu unaweza kuishusha sukari juu ya vidonge hivyo, basi amwambie daktari anachotumia. Mja mzito naye autumie kwa kuuliza.

Kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa siku vinatosha. Gramu 100 za ufuta zina kalori kama 570, si mchezo. Na ununue robo, hata kama kilo ina punguzo. Itie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, uweke ndani ya friji. Robo yangu ya ufuta haimalizi wiki tatu, na nikirudi dukani ami huwa ameshafungua gunia jingine.