Ngome ya kichawi mezani: ukiwa Mtwara, uanze kununua ipi?

Kila msimu wa korosho, malipo ya minada yakianza kuingia, simu yangu haipumziki. Mtoto kaona mtandaoni ngome ya wachawi iliyojengwa kwa vitofali vya kuchezea, minara mirefu, daraja, madirisha yanayowaka taa ya njano, na sasa mzazi anauliza inapatikana wapi na ni shilingi ngapi. Nimekuwa nikijenga vitu hivi hapa Shangani kwa miaka sita na nimenunua kwa kila njia nitakayoitaja. Kwa mnunuzi wa huku kusini, mpangilio wangu ni huu. Ya kwanza ni boksi moja la kampuni ya LEGO pamoja na ramani ya ujenzi iliyobuniwa na shabiki, inayotumia vitofali vya boksi hilo hilo. Ya pili ni ramani ya jengo dogo, vitofali vyake utafute kwenye mitumba. Ya tatu ni seti kamili yenye vitofali vya kampuni nyingine. Ya mwisho ni ramani kubwa unayoikusanyia vitofali kutoka kwa wauzaji mbalimbali wa nje. Najua wajenzi wengi wa Ulaya wangeiweka hiyo ya mwisho juu kabisa. Wao hawalipi nauli tunayolipa sisi.

Tuelewane kwanza kinachouzwa ni nini, maana hapa ndipo pesa nyingi inapopotelea. LEGO wenyewe, kampuni ya Denmark iliyoanza mwaka 1932, wanauza majengo ya dunia za kichawi. Ngome yao ya Hogwarts, shule ya uchawi ya hadithi za Harry Potter, iliyotoka mwaka 2018, ina vipande 6,020 na ilitoka Marekani kwa dola 399.99, yaani kama shilingi milioni moja kabla hujagusa usafiri na ushuru. Rivendell, makazi ya kwenye hadithi za Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 2023, ina vipande 6,167. Lakini mashabiki nao wanabuni ya kwao: duka la fimbo za uchawi kwenye kichochoro, nyumba ya mchawi juu ya mti, mnara wa kuangalia nyota, mji mzima wenye mapaa yaliyochongoka. Shabiki haweki kitu kwenye boksi. Anauza ramani, faili la PDF linaloonyesha hatua kwa hatua, pamoja na orodha ya vitofali vinavyohitajika. Tovuti ya Rebrickable ndiyo soko linalojulikana zaidi kwa ramani hizo. Ukilipia, unapata faili tu. Wawili ninaowafahamu walilipia wakakaa wiki kadhaa wakisubiri mzigo ambao haukuwa unakuja.

Na neno moja kwa wenye wasiwasi na huo uchawi. Bibi yangu alipoona mnara wangu wa kwanza aliniuliza, "Mjukuu wangu, nyumba ya wachawi unailetaje humu ndani?" Nikamwambia ni hadithi, kama zile za sungura na fisi alizokuwa akitusimulia baada ya chakula cha jioni. Akauangalia mnara kwa muda, akasema, "Basi uweke juu, kuku wasije kuuangusha." Mzazi mwenye swali kama lake akae na mtoto amsikilize anavyoieleza hiyo ngome. Swali litajibika hapo hapo.

Ya kwanza: boksi moja, ramani nyingine

Kuna mashabiki ambao kazi yao ni kuchukua seti moja ya kampuni na kubuni jengo tofauti kabisa kwa vitofali vile vile, bila kuongeza hata kimoja. Kwa mtu wa Mtwara hii ni neema. Unaagiza boksi moja, linasafiri mara moja, linapita forodha mara moja, na likifika una uhakika kila kitofali kimo.

Mfano mzuri ni ngome ya zama za kale ya LEGO namba 31120, iliyotoka 2021 ikiwa na vipande 1,426. Kitabu chake chenyewe kina majengo matatu, na kijivu chake kingi ndicho hasa mnara wa mchawi unachohitaji. Ukiingiza namba ya seti kwenye Rebrickable, inakuonyesha mashabiki wamebuni nini kutokana nayo. Mtoto akichoka na jengo moja analibomoa na kuanza jingine. Kwa familia yenye watoto watatu na boksi moja, hilo ni jambo kubwa. Ubaya wake ni kwamba umefungwa na rangi za boksi. Ukitaka paa la zambarau na boksi halina zambarau, basi. Na seti ikishaacha kutengenezwa, bei yake kwa kawaida hupanda, kwa hiyo uliza pia iliyotumika, ila muuzaji athibitishe kwamba vipande vyote vimo.

Kabla hujalipia ramani yoyote, iwe ya njia hii au ya nyingine, angalia picha. Ramani nyingi zimechorwa kwenye kompyuta na hazijawahi kujengwa na mikono ya mtu. Kwenye kompyuta hakuna uzito, mnara unaweza kusimama juu ya kitofali kimoja na usianguke. Tafuta picha halisi, yenye kivuli cha meza, vumbi kidogo, alama ya kidole. Soma walioijenga wanasema nini. Kama hakuna hata mmoja aliyeijenga, wewe ndiye utakayegundua ukuta usiosimama, tena kwa pesa yako.

Ya pili: jengo dogo na vitofali vya mitumba

Mashabiki wengi wanajenga kwa kipimo kidogo, ambapo ngome nzima inakaa kwenye sahani ya pilau na mlango ni kitofali kimoja. Ramani zake ni za bei nafuu na nyingine ni za bure, na vipande ni mia mbili, mia tatu. Hapa ndipo magunia ya midoli ya mitumba yanapokuwa na maana. Vitofali huja vimechanganyika na magari yasiyo na matairi na vichwa vya wanasesere, na muuzaji mara nyingi anakadiria kwa macho tu. Kitofali cha kawaida cha vinundu nane kina uzito wa gramu 2.3 hivi, kwa hiyo kilo moja ya hivyo ni zaidi kidogo ya vitofali 430. Kuwa na namba hiyo kichwani kabla hujaanza kupatana.

Nenda na rula ya shule. Panga vitofali kumi kimoja juu ya kingine, ubane vizuri, kisha pima kutoka chini hadi ukingo wa juu bila kuhesabu vinundu. Ipatikane sentimita 9.6. Pima na vibapa pia, vile vyembamba: vitatu vikipandana vinapaswa kulingana kabisa na kitofali kimoja. Ikizidi au ikipungua hata milimita moja, achana navyo. Kosa la kitofali kimoja halionekani, lakini mnara wa vitofali thelathini unalijumlisha lote, na upande wa kulia hautakutana tena na wa kushoto. Halafu nusa na ukunje kidogo. Plastiki nzuri, ile inayoitwa ABS, ni ngumu na ina mng'ao. Ile mbaya inapinda kama kifuniko cha ndoo.

Nyumbani vioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, uvitandaze kivulini. Jua letu ni kali. Vyeupe vinageuka njano, na ukishaona njano hiyo, kuosha hakurudishi weupe.

Nilijifunza jambo la maana zaidi kuhusu njia hii kutoka kwa mjomba wangu wa Mikindani, fundi mwashi, mtu ambaye kazi zake za kukarabati kuta za mawe ya matumbawe bado zimesimama pale. Nilimwonyesha ngome yangu ndogo niliyoiunga bila ramani. Hakuangalia minara. Aliinama, akaweka ukucha kwenye ukuta wa nyuma, akauvuta taratibu, na ukuta ukafunguka kama kitabu. "Viungo vyako vimefuatana mstari mmoja," akasema. "Tofali la juu lipande mabega ya mawili ya chini, mpwa wangu, liwe la saruji au hili la kwako." Tangu siku hiyo, nikifungua ramani ya mtu natazama kwanza kurasa za kuta. Nikiona viungo vinashuka wima kutoka juu hadi chini, sinunui, hata kama paa lake ni zuri namna gani.

Ya tatu: seti kamili yenye vitofali vya kampuni nyingine

Hizi ndizo zinazotangazwa sana mtandaoni: ngome ya vipande elfu tatu kwa bei inayokufanya uangalie mara mbili. Kutengeneza vitofali vinavyoshikana na vya LEGO si haramu. Hataza ya kitofali, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kuiga ubunifu, iliombwa Denmark Januari 1958 na muda wake uliisha zamani. Mahakama ya Juu kabisa ya Kanada mwaka 2005, na ya Umoja wa Ulaya mwaka 2010, zilikataa kampuni hiyo imiliki umbo la kitofali kama alama ya biashara. Na ubora wa baadhi ya vitofali hivi siku hizi ni mzuri kweli.

Kinachoniumiza ni ramani. Seti nyingi za aina hii ni kazi ya shabiki fulani aliyekesha miezi akibuni, kampuni ikachukua picha yake na ramani yake bila kumpa hata shilingi. Ukiona picha ya seti, itafute kwenye Rebrickable. Ikiwa ni jengo la mtu na jina lake halipo kwenye boksi wala kwenye tangazo, mlipie yeye ramani moja kwa moja. Wapo wauzaji waliokubaliana na wabunifu na wanaandika majina yao wazi. Nunua kwao.

Halafu kuna safari. Seti yangu ya namna hii ilikuwa mnara wa ghorofa tano. Ilifika Dar salama, ikapakiwa kwenye basi mwaka 2024, wiki zile mvua zilipoikata barabara Kilwa, upande wa Somanga. Boksi lilipofika lilikuwa limelowa pembe moja, na ndani pakiti namba 7 haikuwemo. Pakiti namba 7 ilikuwa paa lote. Muuzaji alitaka video inayoonyesha boksi likifunguliwa kwa mara ya kwanza. Sikuwa nayo. Nilirudishiwa sehemu ndogo ya pesa, na mnara wangu ulikaa bila paa miezi minne. Kwa hiyo mtu akushikie simu inarekodi kuanzia kwenye gundi ya boksi, na hesabu namba za pakiti palepale kwenye ofisi ya basi, kabla bodaboda hajawasha.

Ya mwisho: ramani kubwa, vitofali kutoka kila kona

Hii ndiyo njia ya kupata jengo zuri kuliko yote, na ndiyo inayomaliza pesa haraka. Unapakia orodha ya ramani kwenye BrickLink, soko la vitofali lililoanza mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO mwaka 2019, nalo linakutafutia wauzaji. Hakuna muuzaji mmoja mwenye kila kitu. Mmoja ana kijivu, mwingine mapaa, mwingine milango, na kila mmoja ana kiwango chake cha chini cha oda na nauli yake. Vifurushi sita vya kuja Tanzania vinaweza kuzidi bei ya vitofali vilivyomo. Rangi nazo zina mitego. Kijani kile kilichofifia, ambacho wabunifu wanakipenda kwa mapaa ya kichawi, ni adimu na ghali. Kijivu nacho ni viwili: LEGO walibadilisha rangi hiyo mwaka 2004 hivi, na cha zamani kikikaa karibu na kipya ukuta unaonekana umepigwa viraka. Pakua kwanza programu ya bure ya Studio, ya kuchorea majengo ya vitofali, inayofanya kazi kwenye kompyuta tu, ubadilishe humo rangi za bei kubwa kabla ya kuagiza.

Jengo lililokwisha kujengwa siliweki kabisa kwenye mpangilio huu. Halivumilii matuta ya njiani.

Ila njia hii ya mwisho inapanda hadi ya kwanza kwa mtu mwenye ndugu nje anayekuja likizo. Dada yangu yuko Muscat, kama ndugu wengi wa watu wa pwani hii. Mwaka jana wauzaji wote walituma kwake, vifurushi vikamsubiri, akaja na kilo mbili za vitofali ndani ya kopo la maziwa ya unga, katikati ya nguo. Nilimwomba mambo mawili tu, nawe mwombe ndugu yako hayo hayo. Asifungue vifuko vidogo na kuchanganya, kwa sababu kila kimoja kina karatasi ya muuzaji yenye hesabu yake. Na aandike tarehe kila kifurushi kinapofika, maana kimoja kikichelewa, wa kumdai ni muuzaji, na muuzaji anataka tarehe.