Makapi ya demani kwa mashua ndogo: lipi lifungwe wapi

Seti ya makapi yote ya aina moja na saizi moja inavutia machoni, lakini kwa mashua ndogo ni ununuzi mbaya. Kapi la demani (kamba ya kuvutia na kulegezea tanga) ya tanga kuu, kapi la demani ya tanga la mbele na kapi linalogeuza tu njia ya kamba sitahani hayafanyi kazi moja. Aina zinazofaa kulinganishwa ni tatu: kapi ambalo roda yake (gurudumu linalopitisha kamba) inazunguka moja kwa moja juu ya pini, kapi lenye beringi za gololi, na kapi la racheti, lenye meno yanayoiacha roda izunguke upande mmoja tu.

Anza na mzigo. Kwa tanga la mbele, chukua eneo lake kwa mita za mraba, zidisha na kasi ya upepo kwa noti (maili za baharini kwa saa), zidisha tena na kasi hiyohiyo, kisha zidisha na 0.021. Jibu ni makadirio ya kilo zinazovuta demani. Tanga la mita 4 za mraba katika upepo wa noti 20 linavuta kilo 34 hivi. Kwa kuwa kasi inaingia mara mbili katika hesabu, upepo ukipanda kutoka noti 15 hadi 20 mzigo huongezeka kwa asilimia 78, na ndiyo maana kapi linalofanya kazi vizuri asubuhi linaweza kulia na kukwama alasiri. Mzigo wa kapi lenyewe hutegemea kamba inavyopinda. Ikirudi kule ilikotoka, yaani digrii 180, kapi hubeba mara 2 ya mvuto wa kamba. Ikipinda digrii 90 hubeba mara 1.4, ikipinda digrii 30 hubeba nusu tu.

Tanga kuu ni habari nyingine, kwa sababu mahali demani inapofungwa hubadili kila kitu. Chukua tanga lenye mita 5 mlingotini na mita 2.4 kwenye mti wa chini, yaani mti wa tanga unaoshika ukingo wake wa chini. Katika upepo wa noti 20, demani iliyofungwa mwisho wa mti huo hubeba kilo 91 hivi. Ihamishe katikati ya mti, mzigo unafika kilo 182. Mwenye mashua aliyehamisha demani ili kupata nafasi ya kukaa, akabakiza makapi yaleyale, ameyapa kazi mara mbili.

Sasa msuguano. Kilo 91 zikigawanywa kwenye kamba nne, yaani demani moja iliyopita kati ya makapi mara nne, ni kilo 23 mkononi, kama roda hazili nguvu yoyote. Kila roda ikila asilimia 5, mkono unahitaji kilo 26. Ikila asilimia 10, kilo 29. Tofauti hiyo mikono inaihisi mapema sana. Upepo ukiwa hafifu makosa yanageuka upande wa pili: makapi mazito hayaachii kamba, mti wa tanga haufunguki wenyewe, na baharia analazimika kuusukuma kwa mkono. Kwa demani ya tanga kuu, basi, gololi zinastahili gharama yake bila mjadala.

Kapi la roda juu ya pini lisidharauliwe. Ni rahisi, linavumilia mchanga, na linastahimili mzigo uliokaa saa nyingi bila kusogea, hali ambayo gololi za plastiki haziipendi kwa sababu zinabonyea. Mahali pake ni pale kamba inapopinda kidogo au inaposogezwa mara chache. Uliza tu roda imetengenezwa kwa nini. Nailoni hunyonya maji na kuvimba, nafasi kati yake na pini inaisha, roda inabana. Asetali, plastiki ngumu, hainyonyi kiasi hicho, nayo ndiyo ya kuchagua.

Racheti hushikilia kamba upande mmoja na kuiachia upande wa pili, hivyo mkono unabeba sehemu ndogo tu ya mzigo. Kwa mashua ndogo inatosha moja kwenye tanga kuu, iwe kapi la mwisho kabla ya mkono. Kamba lazima iizunguke roda angalau digrii 90. Ikikaribia 180 ndipo inashika barabara. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuipitisha kamba kinyume: racheti inakataa unapovuta na kuachia unapolegeza. Jaribu kabla ya kufunga bolti. Ukivuta demani unapaswa kusikia mlio wa meno. Ukilegeza, roda isimame. Racheti inayojiwasha yenyewe mzigo unapozidi ndiyo bora kwa tanga la mbele, kwa sababu wakati wa kupiga bisho, yaani kugeuza mashua ili upepo uje upande wa pili, kamba hukimbia bila kizuizi.

Kuhusu saizi, wengi huangalia nguvu ya kamba, na hapo ndipo wanapokosea. Poliesta ya milimita 8 ina nguvu kupita mahitaji ya mashua ndogo. Milimita 8 huchaguliwa kwa sababu mkono unaishika vizuri. Kwa hiyo kapi nalo lichaguliwe kwa upana wa mfereji wake. Katika makapi ya Carbo ya kampuni ya Harken, la roda ya milimita 29 mwisho wake ni kamba ya milimita 8, na la milimita 40 hupokea hadi 10. Kwa kamba ya 8 chukua la 40, kwa sababu kamba iliyochakaa na kulowa chumvi hunenepa na kusugua kuta za kapi dogo. Racheti ya Carbo ya milimita 57 ni kubwa kwa macho, lakini ukubwa huo unaipa kamba eneo la kushikwa. Makapi ya Orbit ya kampuni ya Ronstan yana uzuri wake: kuna zinazofungwa kwa kitanzi cha Dyneema (nyuzi za plastiki imara sana) badala ya shakeli (pingu ya chuma yenye pini), hivyo hakuna chuma kinachogonga mti wa tanga. Kitanzi hicho kikaguliwe, kwani ukingo mkali hukikata.

Kwenye lebo soma mzigo wa kazi, yaani ule ambao kapi linaruhusiwa kubeba, si mzigo wa kuvunjika.

Kichwa cha kapi, sehemu ya kulifungia, kinasahauliwa sana. Makapi ya juu na ya chini yote mawili yakizunguka huru, kamba nne za demani hujisokota na msuguano unakuwa mkubwa kuliko wa kapi bovu. La chini lizunguke, la juu lifungwe kwa pini lisizunguke. Hakikisha mojawapo lina jicho la kufungia ncha ya kamba. La tanga la mbele liwekewe springi ya kulisimamisha, lisipige sitaha.

Ukilitoa kapi la zamani, pima unene wa pini ya shakeli, umbali kati ya matundu ya bolti na upana wa mfereji. Tazama tundu lililorefuka, roda inayoyumba na nyufa kwenye kuta za kapi. Kamba yenye manyoya sehemu moja inaonyesha kapi linaloisugua. Kapi jipya la sitahani lifungwe kwa bolti zinazopita hadi chini, na bamba au pete pana ya bolti (washa) upande wa ndani, kwani skurubu hung'oka. Chuma cha pua kikigusa mti wa alumini, paka dawa ya kutenganisha metali, la sivyo alumini italiwa.

Gololi zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya safari huku roda ikizungushwa. Grisi isiguse, kwa kuwa inashika mchanga na chumvi. Roda ikibaki nzito baada ya kuoshwa, loweka kapi kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, kisha izungushe tena.