Low, I Could Live in Hope: usiisikilize kwa spika ya simu

Haya, karibuni tena. Leo nitaongea taratibu na msinishangae, maana siku tatu hizi nimeshinda na albamu moja tu, na imenipunguza mwendo hata wa kutembea. Inaitwa I Could Live in Hope, ya kundi la Low, watu watatu wa Duluth, Minnesota, kaskazini mwa Marekani, pale ufukweni mwa Ziwa Superior. Ilitoka mwaka 1994.

Kumbukeni 1994 roki ya Marekani ilikuwaje: magitaa yanakwaruza, ngoma zinapasuliwa, mwimbaji anapayuka mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Hawa wakaja kinyumenyume. Wakapiga polepole, kwa sauti ya chini, na ukumbini watu wakianza kupiga soga, badala ya kuongeza sauti wao wanaipunguza. Ukitaka kusikia, nyamaza! Muziki wa namna hii ukabandikwa jina la slowcore, jina ambalo wengi waliobandikwa hawakulipenda.

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza niliiweka kwenye spika ya simu huku naosha vyombo. Wimbo wa kwanza, Words, haujafika hata nusu, nikafuta mikono nikaenda kuangalia kama simu imeganda. Haijaganda. Kumbe nusu ya wimbo sikuwa naisikia, kwa sababu spika ya simu haina besi, na besi ya John Nichols ndiyo iliyobeba kila kitu humu. Gitaa la Alan Sparhawk linadondosha noti moja moja juu yake, kama bomba lisilofungwa vizuri. Ondoa besi, unabaki na matone. Kwa hiyo tafuta hedfoni au spika nzuri, halafu sauti weka chini kidogo kuliko ulivyozoea. Ndiyo, chini.

Sasa twende kwenye ngoma, na hapa nataka tukae kidogo. Mpigaji ni Mimi Parker, mke wa Sparhawk. Jina lake ndilo hilo, Mimi, msije mkadhani najisifia. Anapiga amesimama, vyombo vyake vichache mno, ngoma mbili hivi na toazi, mara nyingi kwa brashi, na ile ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu hana. Sikilizeni kati ya pigo na pigo. Pigo linatua, mwangwi unasambaa, unaanza kufifia, unajiambia lijalo limechelewa, limechelewa kabisa... ndipo linatua. Huzuni ya albamu hii naisikia pale zaidi kuliko kwenye maneno. Umewahi kumuuliza kitu mtu aliyefiwa juzi? Anakusikia, ananyamaza, kisha anakujibu. Kule kunyamaza ndiko Low walikokurekodi. Na mtayarishaji wao, Kramer, ameimwagia kazi nzima mwangwi, mpaka unaona kama wanapiga ndani ya jengo lililohamwa.

Nyimbo ziko 11, kila moja jina lake neno moja. Ukiniuliza ipi, nakwambia Lullaby. Karibu dakika 10. Parker anaimba mistari michache, sauti imenyooka, haina kilio wala madoido, halafu anaacha. Zinabaki ala. Gitaa linazunguka palepale, linakaza kidogo, ngoma inaongezeka kidogo, tena kidogo. Nimejaribu mara nne kukamata ni sekunde ipi hasa inapopanda. Nimeshindwa. Kila nikizinduka nakuta imeshanijaa masikioni.

Kasoro zipo. Albamu inakaribia saa nzima, na baada ya kilele kile, Down na Drag zinafuatana zikiwa na uzito uleule. Hapo mawazo yangu yalitoroka nikaanza kuhesabu nguo za kufua. Na kama wewe ni mtu wa mashairi yenye kisa, humu utapata sentensi fupifupi zinazorudiwa, basi. Kuisikiliza ukiendesha gari usiku? Achana nayo.

Kuna watu wataniuliza, mtu ana majonzi yake, si itamzidishia? Kwangu haikuzidisha. Haikubembelezi wala haikuambii yatapita. Ni kama mgeni aliyekuja kukupa pole, akaketi karibu yako, neno hajatamka, na ukashukuru kwamba hajatamka.

Halafu mwishoni kabisa kuna Sunshine. Ni ule ule You Are My Sunshine ambao watu huwaimbia watoto wakichekacheka. Beti zake wengi hatuzisikilizi: mtu anaota amemkumbatia ampendaye, anaamka, hayupo. Low walichofanya ni kuupunguza mwendo tu, ukaanza kusikia ulichokuwa unakiimba miaka yote. Parker alifariki Novemba 2022, kwa saratani ya ovari, na tangu nijue hilo wimbo huu siuweki ovyo.

Alama zangu 8 kati ya 10. Mbili nimezikata kwa Down na Drag. Kama hujawahi kugusa muziki wa aina hii, usifuate mpangilio wa albamu. Anza na Lullaby, peke yake, usiku, simu umeigeuza kifudifudi. Ikikuchosha kabla Parker hajamaliza mistari yake, zima, wala usijilaumu. Ikikushika, rudi mwanzo kwenye Words, na safari hii utaisikia ile besi niliyoikosa mimi nikiwa na povu mikononi.