spatstat kwa data za miti: nyota 4, nimeitumia kwenye pori la Hombolo

Wadau habari zenu. Nipo Dodoma, utafiti wangu wa masters ni migunga na mikole huku upande wa Hombolo, nilitaka kujua mikole kweli inapenda kuota karibu na migunga au ni macho yangu tu. spatstat ni paketi ya kuchambua jinsi vitu kama miti vilivyopangika kwenye eneo, inaendeshwa ndani ya R (programu ya takwimu), ni ya bure kabisa, walioianzisha ni Baddeley na Turner, nami nimeitumia miezi minne sasa.

Mwanzo nilichukua jirani wa karibu wa kila mti nikajaza jedwali la nani jirani wa nani nikapiga kai skweya (kipimo cha kuona kama hesabu ni za kubahatisha tu), kama alivyofanya mwanaikolojia Pielou 1961, msimamizi akairudisha na alikuwa sahihi, maana mgunga huu jirani yake ni mkole ule na mkole ule jirani yake ni mgunga huu huu, jozi moja imeingia mara mbili wakati kai skweya inataka kila hesabu ijitegemee. Mtakwimu Dixon alilirekebisha hilo 1994, ila kipimo chake kinataka paketi nyingine.

Kcross, fanksheni ya ndani ya spatstat, ndo imeniokoa. Inasimama kwenye kila mgunga, inahesabu mikole ndani ya mita 1, mita 2, kuendelea, unaona kabisa kujikusanya kunaishia umbali gani. Na miti ya pembeni ya ploti, ambayo majirani zake wengine wako nje hukuwapima, inawekewa marekebisho.

Sasa jamani hapa kwenye envelope, yaani utepe unaoonyesha matokeo ya kubahatisha yangeangukia wapi, ndo watu wanaumia. Ukiiacha ilivyo inalinganisha data yako na miti iliyotupwa ovyo yote, migunga na mikole, kwa hiyo kama migunga ina makundi yake na mikole ina yake, utepe unatoka mwembamba mno unaona uhusiano ambao haupo. Kwa spishi mbili iambie itumie rshift, inaihamisha migunga yote kwa pamoja bila kuvuruga makundi yake. rlabel, inayochanganya lebo za miti bila kuihamisha, ni ya swali lingine, mfano miti iliyokauka na iliyo hai, pale ambapo miti ilishaota halafu ndo hali ikaja.

Nyota moja nimekata kwa sababu maelezo ni Kiingereza kigumu, na tangu waigawe vipande 2021 mafunzo mengi ya zamani yanakuchanganya.

Halafu msipime kwa GPS ya simu, inakosea mita kadhaa na mikole yenyewe iko mita mbili kutoka kwenye shina la mgunga, nilirudia ploti nzima kwa tepu.