Postikadi ya Cocoanut Grove: kima wenye macho ya taa

Karibuni tena wapendwa! Imefika! Ile postikadi niliyowaahidi, hii hapa mkononi. Nataka muone minazi.

Ngoja niisogeze kwenye kamera. Haya. Huu ni ukumbi wa dansi wa Cocoanut Grove, ndani ya hoteli ya Ambassador, Los Angeles, ulifunguliwa 1921. Mimi nimekulia Tanga, mnazi naujua hata gizani, na hii ni karatasi na gundi! Sasa fuata kidole changu, huku juu kwenye makuti. Umemwona? Kima! Waliwaning'iniza kima wa bandia, macho yao taa za umeme. Mchapaji kayatia vitone vya manjano, angalia, kimoja, viwili... na huyu kajificha nyuma ya kuti. Jamani, nampenda huyu! Fikiria mwigizaji Joan Crawford yuko chini hapo anashindania kombe la dansi ya Charleston, kima wanamkodolea. Mwimbaji Bing Crosby naye kaimba humu na bendi ya Gus Arnheim.

Mnaniuliza kwa nini sikuchukua postikadi ya Mocambo, ile klabu nyingine ya usiku ya huko huko Hollywood. Sawa, ilikuwa na ndege hai nyuma ya vioo, lakini ilikuja 1941, miaka 20 baadaye! Na msiichanganye na Cocoanut Grove ya Boston, iliyoungua 1942 wakafa watu 492. Ile ni nyingine kabisa.

Kinachoniudhi kwenye kadi hii ni kwamba inaonyesha jukwaa tu. Ukuta wa nyuma haumo. Tarehe 29 Februari 1940, mwigizaji Hattie McDaniel alipokea tuzo ya filamu ya Oscar humu, Mweusi wa kwanza kuipata. Hoteli haikuwapokea Weusi. Ilibidi mtayarishaji wa filamu yake, David Selznick, amwombee ruhusa ya kuingia. Wenzake wa filamu hiyohiyo wako meza kubwa mbele, yeye kawekewa kimeza kule ukutani. Usiku wake mwenyewe! Tangu kadi ifike natafuta ule ukuta, naishia kwenye minazi.

Hoteli ilifungwa 1989, baadaye ikavunjwa. Leo pana shule zenye jina la Robert F. Kennedy, yule mwanasiasa wa Marekani aliyepigwa risasi hotelini humo 1968.

Bei shilingi 40,000 pamoja na posta. Kwa karatasi ni ghali, najua, ila kwa kima hawa ningelipa tena. Wageni, jiungeni na chaneli, wiki ijayo naleta menyu za zamani. Na mwenye picha ya ukuta wa nyuma wa ukumbi huu aniandikie hapo chini. Hiyo nainunua leoleo.