FlySky FS-i6 kwenye helikopta ya 450: bei poa ila jiandae kukesha

Jamani, hii rimoti wengi mnaisifia kwa droni na ndege za mabawa, kwenye helikopta hakuna anayeigusa, sasa mi nimeifunga kwenye helikopta ya saizi ya 450, ile ya betri ya seli tatu, sevo (vimota vya kusogeza) tatu za swoshipleti, ile sahani inayoinamisha mapanga, na moja ya mkia. Ngoja niseme nilichokiona.

Kwanza chaneli sita, yaani njia za amri, zinaisha zote. Ailironi (kulala kushoto na kulia), eleveta (mbele na nyuma), mafuta (hapa ni kasi ya mota, maana ni ya betri), mkia, ya tano inaenda kwenye gairo, kifaa cha kutuliza mkia, ya sita ndo pichi, yaani mwinamo wa mapanga. Ukitaka taa za mbwembwe sahau.

Usiku wa kwanza nikatoa mapanga, nikachomoa na waya za mota (usijaribu kuseti mapanga yakiwa yamefungwa, kile kitu kinakata kidole kama bamia), nikachagua helikopta, swoshipleti nyuzi 120. Napandisha stiki, badala ya sahani kupanda yote, upande mmoja unapanda mwingine unashuka, kama meza iliyovunjika mguu. Nikawa nageuza sevo mojamoja kwenye menyu ya Reverse mpaka zikakubaliana zote tatu, zikakubaliana kweli, ila zinashuka! Hapo achana na Reverse, ingia menyu ya Swash AFR, asilimia ya pichi ifanye hasi, kwisha kazi. Nikalala saa nane nimefurahi.

Asubuhi nawasha, meza ileile mguu uleule. Kumbe ukimaliza unatakiwa kushikilia kitufe cha Cancel mpaka itoke yenyewe, hapo ndo imesevu, ukiibonyeza juujuu inatupa vyote. Mi naona Cancel naelewa nini tena? Uzembe wangu, na yule muuzaji wa mtandaoni alinitumia boksi bila kitabu.

Mikunjo ya mafuta na pichi (grafu za stiki ikiwa hapa, mafuta na pichi ziwe ngapi) ina pointi tano tano, zinatosha. Mi bado ni wa kuelea hewani sehemu moja tu kwahiyo pichi katikati ya stiki nimeweka kama nyuzi 5, na nimepima na kipimo, sio kwa jicho, jicho linadanganya.

Kitu cha kuseti kabla ya vyote ni swichi ya kukata mafuta, Throttle Hold. Mi nimeiweka kwenye swichi ya SwA, kidole cha kushoto kinaifikia bila kuachia stiki. Wiki ya pili nililaza helikopta ubavu kwenye majani, nikakata hapohapo, nikapoteza panga moja tu na mota ikabaki nzima. Ingeendelea kuzunguka imelala vile, ningenunua na gia na shafti.

Na gairo, kabla ya kurusha zungusha pua kushoto kwa mkono uangalie mkia unasukuma kuirudisha kulia. Ukiona unasukuma kulekule unakoipeleka, igeuze kwenye gairo yenyewe, la sivyo ikinyanyuka inazunguka kama pia.

Mengine: inakula betri nne za AA, inakumbuka modeli 20, na haikubali kuwaka mpaka swichi zote ziwe juu na mafuta chini, mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa mbovu kumbe inanilinda.

Kama una 450 na mfuko mwepesi, chukua. Ila kama ndoto zako ni kupindua juu chini na kuongeza vikorokoro, ongeza hela utafute ya chaneli nane.