"Vitz ni Vitz tu, sista": uzoefu wangu na fundi aliyeniulia gia boksi

Naandika nikiwa bado na hasira na sitaki kusubiri zipoe, maana zikipoa nitaanza kumsemea huyu fundi maneno ya upole na hastahili. Anayetaka jibu la haraka, jibu ni hili: usinunue Toyota Vitz new model. Huko mbele nitalirudia hili neno, ila kwa sasa liache hivyo hivyo.

Mimi sio mgeni wa hivi vigari. Nyumbani tumekulia kwenye Toyota Starlet, baba alikuwa na ile ya miaka ya tisini, gia za mkono, milango mitatu, anapakia magunia nyuma na sisi watoto tunabanana hapo hapo na magunia na bado tunafika. Baba alikuwa anaijua Starlet kama wengine wanavyojua ukoo wao, kwamba ilianza 1973, kwamba za zamani zilikuwa zinasukumwa na matairi ya nyuma mpaka 1984 walipohamishia nguvu mbele, na kila toleo alikuwa anajua limebadilika wapi na fundi akikosea kutaja anamsahihisha pale pale. 1999 Starlet ikafika mwisho ikaja Vitz badala yake. Baba hakuipenda, mita ya namba iko katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva, akasema huo ni mdoli. Mimi nikaipenda siku ya kwanza. Hiyo ndio tunayoita old model, aliichora Mgiriki mmoja anaitwa Sotiris Kovos, Japani ikapewa tuzo ya gari la mwaka, na Ulaya kule inakoitwa Yaris ikapewa ya mwaka 2000. Watu wanaiita beibi woka lakini ukoo wake ni mkubwa, Platz, FunCargo, ist, wote wametoka tumbo moja.

Ya kwangu old model nimekaa nayo kama miaka saba hivi. Haijawahi kuniacha barabarani hata siku moja, naapa. Oili tunamwaga chini ya mwembe, gia boksi tunaweka haidroliki ile nyekundu ya kawaida, tunafunga, safari. Nikaiuza kwa sababu ya mama tu, magoti yamemchosha, kiti cha new model kiko juu kidogo na anaingia bila kushikwa mkono. Namaanisha ile ya kati, iliyotoka 2005 mpaka 2010, ya duaraduara. Nikachukua yenye injini ya cc 996, yaani lita moja, silinda tatu. Ukisimama kwenye foleni unaisikia inatetema kidogo kwenye usukani lakini mafuta inanusa tu, sio kunywa. Ile injini walishirikiana na Daihatsu na imechukua tuzo za injini ndogo duniani miaka minne mfululizo kuanzia 2007. Kwa hiyo hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu unaanza gereji.

Tulikuwa na kumbukumbu ya mwaka ya msiba Iringa, nikasema kabla ya safari nifanye sevisi kamili. Nikapelekwa na mtu kwenye gereji moja hapa Dar, sitaitaja, ukutani wamepaka rangi kabisa kwamba wao ni mabingwa wa Vitz, Passo na IST. Fundi mkuu kijana tu, yuko bize, simu sikioni. Akasema oili ya injini, filta, na gia boksi imekuwa nyeusi tubadilishe. Nikasema sawa. Nikaona kijana wake anavuta kidumu chekundu cha haidroliki. Nikauliza, fundi, hiyo ndio yenyewe? Maana aliyeniuzia gari aliniambia gia boksi ya hii ina oili yake, kopo lake limeandikwa CVT, na ni ghali.

Jamaa hata hakuondoa simu sikioni. Akaifunika na kiganja, akaniangalia juu mpaka chini, akasema: "Sista, Vitz ni Vitz tu. Nimefungua mia za hizi. Wewe endesha, haya mengine tuachie sisi." Wale vijana wake wakacheka.

Nikanyamaza, na mpaka leo ndio kinachonikereketa kuliko hela. Nilikuwa najua, nikauliza vizuri, kwa adabu, nikachekwa, nikanyamaza, nikalipa na nikasema asante.

Wiki za kwanza hamna kitu. Baadaye kidogo nikaanza kusikia ukikanyaga mafuta injini inalia kwanza alafu gari ndio inafuata, kama mtu anayeitwa mara mbili. Nikajipa moyo. Safari ikafika, tukatoka alfajiri mimi na mama na vitenge vya wifi kwenye buti, Chalinze, Morogoro, Mikumi, poa kabisa, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukaanza Kitonga.

Anayeijua Kitonga hahitaji kuelezwa. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo, kona juu ya kona, malori yanapanda kwa mwendo wa miguu. Kona ya pili au ya tatu injini ikaanza kulia kama msumeno wa mbao, nakanyaga, inalia zaidi, gari haiongezi. Na kwa vile mita iko katikati mama anaiona vizuri kuliko mimi niliyeng'ang'ania barabara, akaanza kusoma kwa sauti. "Arobaini mwanangu. Thelathini. Ishirini. Mwanangu, kumi." Alafu akaacha kusoma akaanza kusali. Nyuma yangu lori la mbao linapiga honi. Gari ikasimama kabisa kwenye mlima, ukikanyaga inalia tu, haitoki, na harufu ya kuungua imejaa ndani.

Mungu ambariki yule dereva wa lori. Alisimamisha lake, utingo wake akashuka akaweka mawe nyuma ya matairi yangu, wakakata matawi wakayapanga barabarani huko chini kwenye kona ili wanaopanda wajue kuna gari bovu. Akamwamkia mama shikamoo, akamwambia ashuke akae upande wa ukuta wa mlima. Mama mwenye magoti yale, amekaa juu ya jiwe pembeni ya Kitonga, ameshika pochi yake kifuani, nyani wanatuangalia. Tulikaa pale zaidi ya masaa matatu mpaka bredauni ikaja kutoka Iringa. Msibani tulifika watu wameshakula na kutawanyika.

Fundi wa Iringa ni mzee wa makamo, mpole, anaongea taratibu. Kabla ya kugusa chochote aliniomba kadi ya gari. Nikashangaa, kadi ya nini? Akaiweka mkononi akanionyesha namba ya chesisi. "Ona, binti yangu. Imeandikwa KSP90. Ile old model ya injini ya lita moja inaanza SCP10. Hizi ni gari mbili." Alafu akafungua nati ya sampo, pale chini ya gia boksi, akamwaga kidogo kwenye kitambaa cheupe. Rangi ya chai ya rangi iliyochacha, inanuka kama breki zilizoungua, na ndani yake unga wa chuma unang'aa kama ulanga. Akausugua kwa vidole viwili akanionyesha. Hiyo ndio gia boksi yako, akasema.

Akanieleza na sasa nawaeleza. Old model nyingi zina gia boksi ya otomatiki ya kawaida, gia nne, haidroliki nyekundu inaifaa. New model ya lita moja haina hizo gia, yake ndio hiyo CVT. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaopita katikati yake, puli zinajipanua na kujibana ndio mwendo unabadilika, kwa hiyo hausikii gia ikiingia. Kila kitu kinategemea ule mkanda ubane puli bila kuteleza, na oili yake imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiweka haidroliki ya kawaida mkanda unateleza, ukiteleza unakwangua puli, unga wa chuma unazunguka humo humo unakwangua zaidi. Tambarare unaweza usijue. Mlimani ndio inakuonyesha.

Gia boksi used tulifunga, hela yake sitaitaja kwa sababu ada ya muhula wa mtoto imekwenda humo na bado nikakopa kwa wifi, siku ya msiba.

Nilimpigia fundi wa Dar. Nikamweleza kwa utulivu kabisa. Akanijibu, "Sista, hiyo ilishaanza kufa kabla hujaja kwangu." Akakata.

Sasa nirudi kwenye lile neno la mwanzo. Nimesema usinunue new model. Nilimaanisha wakati naliandika. Lakini yangu toka ifungwe gia boksi nyingine na kuwekewa oili yake imeshapanda Kitonga mara mbili na mama ndani, bila mlio, na kwa haki siwezi kuisema vibaya. Gari haikunikosea. Kwa hiyo nunua, ila ujue umenunua toleo lipi. Ile ya tatu iliyoanza mwisho wa 2010, yenye waipa moja na mita iliyorudishwa mbele ya dereva, nayo ina mambo yake. 2020 Japani wakaacha kabisa jina la Vitz, ikawa Yaris kama kwingine. Na Afrika Kusini sa hivi kuna Vitz mpya ambayo ni Suzuki Celerio iliyobandikwa nembo, na Starlet mpya nayo ni Suzuki Baleno. Baba angeumwa kichwa. Halafu mtu anasimama mbele yako anakwambia Vitz ni Vitz tu!

Hapana, hata hapo nimekuwa mpole mno. Kama hauna fundi anayeomba kadi ya gari kabla ya kushika spana, baki na old model yako.

Juzi nimepita pale gereji, sikupanga kushuka. Nikaona new model ya fedha iko juu ya jeki, kijana mmoja kakaa kwenye benchi anasubiri, na kile kidumu chekundu kiko chini pembeni ya tairi, kimefunguliwa. Nikapaki hovyo barabarani, nikaenda moja kwa moja kwa yule kijana, nikamwambia, mdogo wangu, samahani, kadi ya gari unayo hapo? Akaitoa. KSP90. Nikamwambia simamisha hiyo kazi sasa hivi. Fundi mkuu akaja na simu yake sikioni, akaanza "sista, sista", na safari hii sikunyamaza.